Wakwezi Wenye Midomo ya Mundu

Siku niliyoagwa kazini walinikatia keki yenye picha ya kasuku. Mwokaji aliambiwa "ndege", naye akachora ndege anayemjua. Sikulalamika. Nilikula kipande changu, nikapokea maua, nikapanda treni kurudi nyumbani Weston, ukingoni mwa Toronto, na kesho yake nikaamka saa ileile ya siku zote nikiwa sina pa kwenda.

Neema ndiye aliyenituma niandike haya. Ni Mtanzania mwenzangu, alikuja Toronto akiwa msichana wa sekondari, na sasa anakalia kiti nilichokikalia mimi katika chumba cha kutayarishia ndege, kwenye jumba moja la makumbusho hapa mjini. Wiki yangu ya kwanza ya kustaafu haikuisha kabla hajanipigia simu.

"Mama Zarina, shikamoo. Ile sindano iliyopinda umeiweka wapi?"

"Marahaba. Ipo kwenye kopo la biskuti, chini ya uzi mweupe."

"Na mambo mengine yote unayoyajua, umeyaweka kwenye kopo gani?"

Nikacheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Alisema wapo vijana wapya wanaokuja, na kila wakimuuliza jambo anajikuta anajibu, "Mama Zarina alikuwa anafanya hivi," bila kujua kwa nini nilikuwa nafanya hivyo. Akanitaka niandike kwa Kiswahili, yeye atawatafsiria. Kwa Kiingereza, alisema, ningeandika ripoti. Ni kweli. Basi vyeo na mishahara naviacha. Aliyevitamani asingeingia kazi ya kushindilia ndege pamba.

Nimezaliwa Tanga, katika familia ya Kiismaili. Baba alikuwa fundi cherehani, na sisi watoto wote tulijua kushona kabla hatujajua kusoma vizuri. Nilipofika Kanada nikiwa mke wa mtu, na mume wangu Amirali akiwa ameshapata kazi ya uhasibu, nilisikia kwamba makumbusho yanatafuta mtu mwenye mikono mitulivu na pua isiyochagua. Nikaenda. Aliyenipokea alikuwa Bi Doreen, mwanamke mrefu mwenye nywele fupi, binti wa mchinjaji kutoka kaskazini mwa Ontario. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa kipande cha ngozi mbichi ya kuku kilichochanika na sindano yenye uzi, akatoka kwenda kunywa kahawa. Aliporudi aliigeuza ile ngozi juu chini, akainusa sijui kwa nini, akasema, "Utaanza lini?"

Kwa asiyejua: mji huu una majengo mengi ya vioo, na ndege wanaohama huvigonga. Kila majira ya machipuko na ya mapukutiko, watu wa kujitolea hupita chini ya maghorofa alfajiri wakiokota walioanguka. Walio hai hupelekwa kutibiwa. Waliokufa huletwa kwetu ndani ya mifuko ya karatasi, kila mmoja na maandishi ya mahali alipookotwa, nasi tunawaweka kwenye friza. Siku yangu ya kwanza Bi Doreen alifungua friza hiyo, akachagua mfuko mmoja, akaniwekea mezani kidege cha rangi ya kahawia chenye michirizi, chepesi kama bahasha tupu, mdomo wake mwembamba umepinda kidogo kuelekea chini.

Kazi yenyewe, kwa maneno machache, iko hivi. Unampasua tumboni, unamvua ngozi kama unavyomvua mtoto fulana, mwili unautoa, lakini fuvu na mdomo unaviacha, pamoja na mifupa ya mabawa na miguu. Ukiona unyevu unanyunyiza unga wa mahindi. Ndiyo, unga uleule. Kwa miaka mingi nilikuwa nikitoka kazini na kwenda moja kwa moja kupika ugali, na familia yangu haikuhitaji kujua nimewaza nini. Kisha unatengeneza mwili wa pamba kwenye kijiti, unauvisha ngozi, unashona, unamlaza chali mabawa yakiwa yamefungwa, unamfunga kitambulisho mguuni, unamwacha akauke.

"Usimpe uso wa kufikiri," Bi Doreen aliniambia siku ile. "Huyu si wa kusimama kwenye tawi la plastiki atazamwe na watoto. Ni wa kulala kwenye droo ili watu wampime miaka mia ijayo. Mwache awe maiti wa heshima."

Nilimaliza jioni. Alikagua mishono yangu, kisha akaukunjua mkia wa kile kidege. Mihimili ya manyoya ya mkia ilikuwa migumu, na ncha zake kali.

"Unaona? Huyu anaishi kwa kukwea magome ya miti. Mkia ndio kiti chake." Akaenda kwenye makabati, akarudi na droo nyingine. "Na hawa wanaishi Amerika ya Kusini na ya Kati, kwenye joto. Si ndugu zake kabisa. Tazama mikia."

Mikia ilikuwa ya aina ileile, ila migumu zaidi, kila unyoya umeishia kwenye mwiba uliopinda ndani kama ukucha. Kazi ileile imewapa watu wasiojuana vifaa vilevile. Walikuwa ndege wa kahawia na wekundu wa kutu, jamii kubwa ya wakwea magogo wa misitu ya kule. Kiswahili hakina jina lao kwa sababu kwetu hawapo. Lakini Tanga kila mtu anamjua mkwezi, yule anayepanda mnazi akiushika kwa miguu, akiegemea, akipanda tena. Basi tangu siku ile nikawaita wakwezi, na Bi Doreen naye akajifunza kulitamka neno hilo, vibaya.

Droo ya chini kabisa ndiyo iliyonishika moyo. Humo walilala wakwezi wa jenasi moja ambayo jina lake la kitaalamu ni Campylorhamphus, maana yake mdomo uliopinda. Jina halizidishi. Mdomo wa ndege hawa ni mrefu, kama robo ya ndege mzima, umepinda kama mundu wa kukatia majani, na ni mwembamba kiasi kwamba mara ya kwanza nilidhani mtu amewachomeka waya kwa mzaha. Yupo mwenye mdomo mwekundu, ambaye ameenea kutoka Panama hadi Ajentina. Yupo wa mdomo mweusi, wa misitu ya mashariki mwa Brazili. Yupo wa mdomo wa kahawia, wa milimani, na yupo wa Amazoni ambaye wataalamu hawaachi kumgawanya na kumuunganisha. Kila baada ya muda nilibadilisha vibao vya majina kwenye droo, nikijua kuwa nitavirudisha. Mwili wote ni uleule: kahawia, michirizi ya njano kichwani na kifuani, mabawa ya rangi ya kutu. Ukitaka kumjua nani ni nani, unaanza na mdomo.

Na mdomo ndio unaovunjika. Vijana, hili ndilo la kwanza: usimwinue kwa mdomo, wala usimpitishie mwenzako mdomo ukiwa mbele. Shika mwili kwa kiganja kizima, kama unavyobeba yai la kuchemsha lililomenywa. Wengi wa ndege wale walitayarishwa na watu waliokufa kabla sijazaliwa, na wengi walikuwa wameshavunjika ncha na kugandishwa tena kwa gundi ya zamani ya kuchemshwa kutokana na ngozi za wanyama. La pili: vaa glovu. Wazee wale walipaka sumu ya arseniki dhidi ya wadudu, na sumu haijui kuwa wao wamekufa.

Miaka ilipita kwa namna hiyo, na sina malalamiko. Nilijifunza kwamba bata ana mafuta kuliko anavyostahili, na kwamba bundi aliyelowa hunuka mpaka kwenye treni, watu wakakuachia siti tatu. Nyumbani Amirali aliwaita ndege wangu "kuku wa makumbusho". Mara moja tu nilikosea nikaleta mfuko nyumbani kwa haraka, nikauweka kwenye friza yetu karibu na sambusa. Aliukuta kabla sijaueleza.

"Mama Karim," aliniita kwa jina la mwanetu, kutoka jikoni, taratibu sana. "Huyu mgeni atakula chakula cha jioni nasi?"

Bi Doreen alistaafu mikono yake ilipoanza kutetemeka. Hakufanya sherehe. Aliniachia kisu chake kidogo na kibano, akahamia ghorofani upande wa mashariki wa mji, akawa ananipigia simu kila Ijumaa kuniuliza nimeharibu nini. Neema alikuja miaka kadhaa baadaye. Alikuwa amesomea biolojia, ana mikono mizuri na haraka mbaya. Haraka nilimwondolea. Mikono alikuja nayo.

Sasa nieleze ile kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Ilikuwa Jumatatu ya Januari, baridi ya kukata masikio. Nilifika asubuhi nikakuta Neema amesimama mlangoni mwa chumba cha makabati, koti hajavua, ameziba mdomo kwa mkono. Bomba la maji ya joto lililopita darini lilikuwa limepasuka mwishoni mwa wiki. Kabati moja mlango wake haukufunga sawasawa, na maji yalikuwa yameshuka ndani yake, droo hadi droo, mpaka yakatuama kwenye ile ya chini.

Wakwezi wangu walikuwa wanaelea.

Sikulia, kwa sababu Neema ndiye aliyekuwa analia. Nikamwambia, "Mwanangu, leta trei zote na karatasi za kufutia. Vitambulisho kwanza. Ndege asiye na kitambulisho ni manyoya tu." Tuliwahamisha mmoja mmoja, kila mmoja na kitambulisho chake kikiwa kimefungwa mguuni. Kwa bahati wale wazee waliandika kwa wino usiotoka. Manyoya yalikuwa yameshikamana, ngozi imelainika, lakini hilo nilijua nitaliweza: utaosha, utafyonza, utakausha kwa upepo baridi wa mashine ya kukaushia nywele huku unapanga unyoya mmoja mmoja kwa kibano. Ni kazi ya miezi, ila ni kazi.

Kilichonimaliza nguvu kilikuwa chini ya droo. Ile gundi ya kale ilikuwa imeyeyuka. Ncha za midomo zilizogandishwa na vizazi vitatu vya wafanyakazi zilikuwa zimeachia zote kwa pamoja, zimelala chini ya maji kama kucha zilizokatwa. Za wekundu, za weusi, za kahawia, zote zimechanganyika, na zote kwa uzee zimekaribia rangi moja.

Mkuu wa idara yetu aliitwa Philip, mtu mwungwana mwenye tai za rangi kali. Alikuja, akatazama, akakaa kwenye kiti. Alikuwa na sababu mbili za kukaa. Ya kwanza, mtafiti Mbrazili aitwaye Paulo alikuwa anafika baada ya majuma machache kupima midomo hiyohiyo. Alikuwa ameisubiri safari hiyo kwa muda mrefu. Ya pili, maonyesho makubwa ya ndege wa tropiki yalikuwa yanafunguliwa majira ya machipuko, na ndege aliyechaguliwa kuwa kwenye mabango alikuwa mkwezi wetu wa mdomo mweusi, mzuri kuliko wenzake. Picha ilikuwa imeshapigwa. Mabango yalikuwa yameshachapishwa.

"Zarina," aliniuliza, "utaweza kujua ncha ipi ni ya nani?"

"Sijui," nilisema. "Ila ninamjua mtu wa kumuuliza."

Bi Doreen alikuja kwa teksi siku ya pili, amevaa kofia ya manyoya na hasira. Alilitukana bomba, akalitukana kabati, akavaa glovu kwa shida. Mikono ilikuwa inatetemeka kiasi kwamba hakuweza kushika kibano. Macho yake, kinyume chake, yalikuwa makali kama ya mwewe. Yangu mimi yalikuwa yameshaanza kutaka miwani juu ya miwani. Kwa hiyo tukajipanga hivi: Neema alikuwa mikono, Bi Doreen macho, na mimi nilikuwa katikati, nikikumbuka ni ndege gani aliwahi kunikwaruza wapi.

Mdomo uliovunjika ni kama kikombe kilichovunjika. Hakuna mivunjo miwili inayofanana. Neema aliweka kila ncha chini ya lenzi, akaigeuza polepole mpaka kingo zake zionekane, na Bi Doreen akasema, "Hapana. Hapana. Hapana. Subiri, irudishe." Ikikaa, unaijua. Inaingia kwa mlio mdogo ambao pengine haupo, lakini sisi tuliusikia. Hatukugandisha chochote siku zile za mwanzo. Kila jozi iliyokubaliana tuliifungia kwenye kisanduku chake, na kesho yake tuliitazama upya kwa macho mapya.

Siku hizo zilikuwa nzuri, na sitasema vinginevyo. Nje theluji, ndani wanawake watatu na chupa ya chai ya maziwa niliyoleta kutoka nyumbani, ambayo Bi Doreen alidai ni tamu mno akawa anaongeza kikombe. Neema alimfundisha kutamka "mkwezi" upya. Hakufaulu. Siku moja alimuuliza Neema kwa nini alichagua kazi hii.

"Nilitaka kusomea udaktari," Neema alisema. "Halafu nikagundua siwapendi wagonjwa wanaozungumza."

Bi Doreen alicheka mpaka tukamshika asianguke.

Mwisho wa majuma yale, kila ncha ilikuwa imepata mwenyewe isipokuwa moja, na kila ndege alikuwa amepata ncha isipokuwa mmoja. Mtu angesema hesabu imekamilika. Tatizo ni kwamba ndege huyo alikuwa yule wa kwenye mabango, mwenye mdomo mweusi, na ile ncha iliyobaki haikuwa nyeusi. Ilikuwa na wekundu hafifu, kama chai ya rangi.

Neema aliisogeza kwenye mvunjo. Iligusa upande mmoja tu, upande mwingine ukaacha upenyo. Akajaribu tena. Kisha Bi Doreen akaomba lenzi iletwe karibu zaidi.

"Kuna weusi umebaki kwenye mfereji pale," alisema. "Ule si weusi wa mdomo. Ni wino. Maji yameuosha."

Mtu fulani, miaka mingi kabla yetu, alikuwa amepoteza ncha ya ndege huyu, akachukua ncha ya ndege mwingine, akaipaka wino, akaigandisha. Na aliifanya vizuri. Nilimtoa ndege yule kwenye droo mara nisizoweza kuzihesabu, nikamsifia uzuri wake.

"Ni nani?" Neema aliuliza.

"Si mimi," alisema Bi Doreen. "Mimi ningechagua yenye mkunjo unaofanana." Halafu akavua miwani yake. "Lakini kama nilikuwa kijana, na bwana mkubwa ameniambia wageni wanakuja mchana huu, ndege awe mzima? Sijui, Zarina. Kweli sijui."

Nilimpelekea Philip habari. Alisikiliza hadi mwisho, akajipapasa tai.

"Tuirudishe kwa ajili ya maonyesho tu," alisema. "Kwa gundi inayotoka. Tutaandika kwenye kumbukumbu zetu ukweli wote, na baadaye utaiondoa. Watu wameshaona bango, Zarina. Watakuja kumtafuta huyo."

Haikuwa rai ya kijinga, nami sikumwona mtu mbaya. Kama ingekuwa chungu cha udongo ningefikiria. Nilimwambia, "Philip, yule aliyepaka wino naye alidhani ni kwa siku chache. Mimi siwezi. Ukimpata mwingine wa kuifanya sitamzuia, lakini ndege huyo sitamkabidhi kwa mikono yangu."

Sikuwahi kuzungumza naye hivyo. Nilirudi chumbani, nikamkuta Neema amesimama nyuma ya mlango. Alikuwa amesikia kila kitu. Akasema, "Na mimi pia siifanyi, Mama." Basi hapakuwa na mtu mwingine wa kuifanya.

Philip hakunijibu wiki nzima. Alinisalimia kwenye korido kama mtu anayemsalimia jirani waliyegombana naye kuhusu takataka. Kisha Paulo akafika.

Nilimtarajia profesa wa suti. Alikuja kijana mnene mwenye ndevu, amevaa makoti mawili ya kuazima, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama binadamu kweli wanaishi katika baridi hii kwa hiari. Tulimpa chai. Philip mwenyewe alimleta mpaka mezani kwetu, nadhani akitumaini mgeni atamtetea. Nilimwekea yule ndege mbele yake, na kile kisanduku chenye ncha pembeni, nikamweleza yote.

Paulo aliinama muda mrefu. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha.

"Vipimo vya ndege huyu nilitumiwa miaka mingi iliyopita," alisema. "Mdomo wake haukulingana na wengine wote. Ulikuwa mrefu mno. Nimekaa naye kichwani. Nilidhani nimekosea mimi, nikadhani amekosea aliyepima, nikaanza hata kufikiri labda kuna kundi tofauti mahali alikotoka. Nimekuja hapa kwa ajili yake." Akacheka. "Kumbe ni ndege wawili!"

Philip alitazama kile kisanduku, akamtazama Paulo, akanitazama mimi. Akasema, "Basi atakaa kwenye maonyesho hivyohivyo alivyo. Zarina, andika maelezo. Mafupi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mabango kwenye vituo vya treni yalimwonyesha na mundu mzima, na ndani ya kioo alilala na mdomo uliokatika, ncha ya mwenzake kando yake, na maneno yangu machache yakieleza kwa nini. Nilikwenda na mjukuu wangu Aliya siku ya kufunguliwa. Aliya ananielewa nikisema Kiswahili na hunijibu Kiingereza, kama wenzake wote. Alisoma maelezo yale yote, akakunja uso, akauliza kwa nini hatukumtafutia tu mdomo mpya.

"Kwa sababu si wake," nilimwambia.

Akafikiri. "Lakini anaonekana mwenye huzuni."

"Hana huzuni. Ni maiti wa heshima."

Mama mmoja aliyesimama karibu alimvuta mwanawe mbali nasi. Sijui alikuwa anajua Kiswahili au alisoma uso wangu tu.

Ndege wengine tuliwaosha na kuwakausha mmoja mmoja, mpaka majira ya joto yakapita, na ncha zao tukazigandisha kwa gundi mpya ambayo haiyeyuki kwa maji. Bi Doreen alikuja kila Alhamisi hadi wa mwisho alipomalizika. Yeye hakugusa kitu. Alikaa kwenye kiti cha dirishani akitoa amri. Aliendelea kunipigia simu za Ijumaa mpaka alipofariki, usingizini, kama mtu aliyemaliza zamu. Kwenye mazishi yake niligundua kwamba hakuna aliyemjua vizuri kuliko sisi wawili, na kwamba hata sisi hatukujua alipenda wimbo gani. Tulimchagulia mmoja. Huenda hakuupenda.

Nilibaki kazini kwa muda baada ya hapo, muda wa kutosha kumwona Neema akimzuia mwanafunzi mmoja asimwinue ndege kwa mdomo, kwa sauti niliyoitambua kuwa ni ya Bi Doreen, na kabla ya hapo huenda ya mchinjaji fulani wa kaskazini. Nikajua naweza kwenda.

Limebaki jambo moja. Katika miaka yote ya kuwashika wakwezi, sikuwahi kumwona hata mmoja aliye hai. Paulo hakuamini nilipomwambia. Nilipostaafu aliandika kwamba kitanda kipo, na msitu upo, na kwamba huko kwao Januari ni majira ya joto. Amirali, ambaye hajawahi kukataa joto, alikwishatafuta tiketi kabla sijamaliza kumsomea.

Tuliingia msituni asubuhi, milimani nyuma ya São Paulo, kwenye njia yenye mianzi pande zote mbili. Maji yalikuwa yanatiririka kila mahali. Paulo alitangulia, mimi katikati, Amirali nyuma na mwavuli. Ikasikika sauti ya kukwaruza, inashuka, inashuka, kisha ikanyamaza. Paulo akainua mkono. Tukasimama.

Alitokea chini ya shina, akakwea. Aliruka kidogo, akaegemea mkia, akaruka tena, na kila alipoegemea nilihisi ile miiba kwenye kiganja changu. Mdomo wake ulikuwa mweusi kabisa, unang'aa kwa maji. Nilikuwa nimeuosha, nimeupima, nimeulinda, nimeugombania, na sikuwa nimejua hata siku moja unavyofanya kazi. Aliuinamisha pembeni, akauingiza wote kwenye tundu la mwanzi mpaka macho yake yakagusa ukingo, akauzungusha huko ndani taratibu kama mtu anayetafuta funguo chini ya kabati, akautoa na buibui kwenye ncha. Akammeza. Akasogea kwenye tundu lililofuata.

Machozi yalinitoka hapo. Amirali alisogea akanifunika na mwavuli, akamtazama yule ndege kwa muda, kwa makini kabisa, mtu ambaye kwa miaka yote ile alikuwa amenipeleka kituoni asubuhi na kunipokea jioni bila kuona nilichokuwa nakiendea.

"Mama Karim," alininong'oneza. "Kumbe wanasogea."